Memwari ya Ramazani

Mama mkubwa wangu tulimzika Kasongo baada ya swala ya Ijumaa, na waombolezaji walipoanza kupungua nikapewa salo, chumba cha mbele kinachotazama barabara ya soko, niweke begi langu na kupumzika. Sikukitaka. Nilimwomba binti aliyekuwa akigawa mikeka anitafutie kona yoyote upande wa jikoni, naye akanishangaa, maana salo ndiyo yenye kitanda kizuri na dirisha lenye wavu. Sikumweleza. Katika chumba hicho nilikaa zaidi ya mwaka nilipokuwa msichana, nikipiga masini, na ukuta wa kulia bado una doa jeusi pale mgongo wa ordinatere, kompyuta ya mezani, ulipokuwa ukipumua joto. Meza yenyewe iliondolewa zamani. Nilisimama mlangoni na kikombe cha chai mkononi, nikasikia ule mlio mwembamba wa feni inayojaribu kuzunguka. Ilikuwa pikipiki ya mtu nje, ikikataa kuwaka. Lakini mwili haukungoja kujua. Chai ilikuwa imekwisha kunimwagikia kidoleni.

Nilifika nyumba hiyo nikitoka Lusangi, nimemaliza sekondari, na vidole vyangu vilikuwa vimefundishwa kwenye masini ya chuma ya kupigia chapa katika ofisi ya parokia. Mama mkubwa aliniita kwa sababu ya ordinatere. Mwanawe wa pekee, Ramazani, aliinunua kwa dhahabu aliyochimba Salamabila, akaileta juu ya pikipiki ikiwa imefungwa katikati ya godoro lililokunjwa, kioo kizito kama jiwe la kusagia pamoja na sanduku lake. Aliipanga mezani, akakaa nayo siku chache akiifungua na kuichokonoa, kisha akarudi machimboni. Baada yake hakuna aliyeigusa. Mvua zilipokolea, kilima walichokuwa wakichimba kikaporomoka. Waliotolewa walitolewa, wengine wakabaki chini. Mchimbaji mmoja aliyepita Kasongo alisema Ramazani alikuwa ndani. Mwingine, aliyekuja baadaye kununua chumvi, aliapa kwamba asubuhi ya siku ile alimwona kwenye njia ya Lusangi inayokuja Kasongo, begi mgongoni, akitembea haraka kama mtu anayekwenda kwao. Haukuletwa mwili, wala shati, wala kiatu. Nilipoingia mimi, maneno ya watu hao wawili yalikuwa yanaishi humo kama wapangaji, moja chumba hiki, jingine chumba kile.

Mzee Sefu, mume wa mama mkubwa, muuza vitambaa sokoni, aliliamini neno la kwanza. Alitaka kumsalia mwanawe ile swala ya asiyekuwapo, aweke matanga, watu waje, wale, walie, wamalize. Mama mkubwa aliamini la pili. Katikati yao alikuwapo Zubeda, mke wa Ramazani, msichana wa rika langu kutoka Kabambare, asiyejua kama avae nguo za mjane au aendelee kusuka nywele kama mtu anayengoja mume. Wakati ule sikuona uzito wa jambo hilo. Nilimwona tu ni msichana mkimya anayetwanga sombe, majani ya muhogo, kwa nguvu kupita kiasi. Sasa nina binti aliyeolewa, na nikimkumbuka Zubeda akiwa amesimama kwenye kinu, mchi ukipanda na kushuka, uso hauna mahali pa kutazama, moyo wangu unasinyaa. Hakuwa mke, hakuwa mjane. Alikuwa amewekwa kando kama sahani iliyofunikwa.

Ni Mzee Sefu aliyesema masini isikae bure, itaoza, afadhali ipige barua za watu na mitihani ya shule. Siku ya kwanza aliwasha grupu lake, jenereta dogo la petroli, uani baada ya alasiri, nami nikabonyeza kitufe. Taa ya kijani ikawaka. Feni ikakoroma. Kioo kikabaki cheusi muda mrefu hata nikadhani imekufa, halafu kikaanza kung'aa polepole kama maji machafu yanayotulia. Nilikuwa nimeinama kutafuta pa kuweka miguu wakati mwanamume alipozungumza sikioni mwangu. Alisema, "Ma… Mama… ni mie… ni mie… ogope… naja." Sauti ilikatika, ikagugumia, ikarudia silabi moja kama mtu mwenye baridi anayegongana meno, kisha ikanyamaza. Niliruka nikaangusha kiti. Uani mchi wa Zubeda ulikuwa umesimama.

Mama mkubwa alikuja na mikono yake ya kijani kwa majani ya muhogo. Hakupiga kelele. Alisimama kizingitini akitazama pembe zote za chumba, akatazama hata juu kwenye mabati.

"Iko wapi?" aliniuliza.

Nilimwambia ni masini, kwamba Ramazani alijirekodi kwa simu yake, akaiweka sauti humo iwe inasema kila mara ordinatere inapofunguliwa. Nilikuwa nimekwisha kuliona jina lake kwenye kioo, faili ndogo ya sauti aliyoiita MAMA.

"Nimeuliza yeye iko wapi," akasema.

Nilijaribu kuifungua ile faili peke yake ili aisikie vizuri. Ikakatika vilevile, lakini mahali pengine. Safari hii ikasema, "ni mie… usi… usi… waya." Kumbe hakuna aliyewahi kuisikia nzima. Ramazani aliiweka siku moja kabla ya kuondoka, grupu likaishiwa petroli, akaondoka alfajiri bila kumwambia mtu. Labda alitaka iwe mzaha, mama yake ashtuke, acheke, amtukane akirudi.

Tangu siku hiyo, kila alasiri, grupu lilipoanza kunguruma, mama mkubwa aliacha alichokuwa akifanya. Alinawa mikono hadi viwiko, akajitanda, akaja kukaa kwenye kigoda karibu na mlango. Mimi nilibonyeza. Sote tulingoja ile sekunde ya kioo cheusi. Sauti ilikuja na kila siku ilikuja tofauti, kwa sababu masini ilizidiwa wakati wa kufunguka, na pale ilipozidiwa ndipo ilipomeza neno. Siku nyingine ilimeza mwanzo, siku nyingine katikati. Mama mkubwa alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza mgonjwa, kisha akainuka kwenda jikoni, na huko nilimsikia akimwambia Zubeda habari: leo amesema tusiogope, leo amesema ni mutoto wangu, leo ameniita tu. Zubeda aliendelea kutwanga. Kwa kuwa siku ya kwanza sauti ilisema "naja", mama mkubwa aliagiza mlango wa mbele usifungwe. Ukakaa wazi mwaka mzima. Kuku waliingia, vumbi la soko liliingia, watu wapitao walichungulia wakatuona wanawake wawili tumekaa mbele ya sanduku. Na kila mlo alipakua sahani moja zaidi: wali, sombe iliyopikwa kwa mawese, kipande cha samaki wa mto Lualaba upande wa mkia, kwa sababu Ramazani alipenda mkia. Sahani ilifunikwa, jioni ikafunuliwa, ikaliwa baridi na yeyote aliyekuwa na njaa. Mara nyingi nilikuwa mimi. Sikupata kuzoea ladha ya chakula cha sahani ile, ingawa kilitoka sufuria moja na changu.

Siku moja sauti ilisema, "Mama… ni mie… mu… zima." Ilisema wazi, polepole, kama mtu aliye chumba cha pili. Mama mkubwa alitoka mbio bila viatu. Alikwenda kwa jirani wa kulia na wa kushoto, akafika hadi sokoni kwenye kibanda cha mumewe, akisema mutoto wake ni muzima, amesema mwenyewe. Mzee Sefu alimrudisha nyumbani akiwa amemshika kiwiko kama kipofu. Nyuma ya ukuta niliwasikia wakila. Halafu Mzee akasema kwa upole kwamba ile ni masini, mama Ramazani, inatafunatafuna maneno, haisemi kitu. Naye akamjibu kwamba mutu akiwa chini ya udongo, au mbali sana, sauti yake itafika vipi kama si vipandevipande? Mimi, mkono juu ya kibodi, nikajikuta naitikia.

Si kwamba niliamini. Nilijua maelezo yake. Lakini kuna mambo mtu anayajua kwa kichwa huku mgongo wake ukijua mengine. Alasiri moja ya mvua tulikuwa wote uani chini ya mabati tunachambua mchele, na mlango wa salo wa upande wa uani nilikuwa nimeufunga kwa ufunguo ili matone yasirushwe kwenye karatasi. Mzee Sefu akawasha grupu kwa ajili ya kuchaji simu za watu. Hatukuwa tumemaliza kupepeta ungo mmoja wakati sauti ilipotoka katika chumba kile kisicho na mtu. Ordinatere ile, niligundua baadaye, ikikatikiwa umeme huku imewashwa ilijiwasha yenyewe umeme ukirudi, na siku iliyotangulia sikuwa nimeizima vizuri. Lakini wakati ule hatukujua. Tulisikia tu, kupitia ukuta na mvua: "Mama… ni mie… baridi."

Sote tuliisikia. Zubeda aliniangalia, nami nikamwangalia, na mchele ulikuwa ukimtiririka katikati ya vidole bila yeye kujua. Mama mkubwa aliinuka akatoka kwenye mvua. Alisimama katikati ya ua, uso juu, nguo zikimganda mwilini, hadi Mzee alipozima grupu na kwenda kumfunika kikwembe. Jioni ile alitoa blanketi sandukuni, akalikunja, akaliweka juu ya ordinatere. Tangu hapo kila nilipoanza kazi nililiondoa, na kila nilipomaliza nikalirudisha, nikiwa mwangalifu kama ninayemfunika mtu.

Kazi yenyewe ilikuwa inakufa. Direkta wa shule moja ya msingi alileta mitihani nipige. Nilifika ukurasa wa mwisho masini ikaganda, mshale ukakataa kusogea, na vyote nilivyoandika vikapotea. Nikapiga tena, vikapotea tena. Direkta alikuwa mtu mwenye subira, akasema atajaribu kwingine. Mzee Sefu ndipo akamwita fundi Gaspari, mtengeneza redio na simu pale karibu na soko, mtu mnene mwenye maneno mengi aliyependa kupewa chai yenye sukari ya kutosha kabla ya kufungua chochote. Alifungua sanduku, akapuliza vumbi, akatoa na mabaki ya nyumba ya nyigu iliyojengwa kwa udongo pembeni mwa feni. Akasema ugonjwa ni memwari ndogo, yaani kumbukumbu ya masini ni finyu. Masini iko na kichwa kizuri, lakini memwari yake ni kama kiganja cha mtoto: ukimpa kitu cha pili, cha kwanza kinaanguka. Kuna nafasi tupu ya kuongeza bareti nyingine, kibao kidogo cha memwari, akanionyesha, ufa mrefu mweusi. Ataiagiza Bukavu kwa mfanyabiashara mmoja. Ikifika, masini itakimbia, haitaganda, na ile sauti ya kijana nayo itanyooka.

Mama mkubwa alikuwa amesimama mlangoni na birika. "Itanyooka namna gani?" akauliza.

Gaspari alimweleza kwa furaha kwamba itasema kila siku maneno yaleyale, yote, bila kukatika. Mama mkubwa akaweka birika chini. Alisema, polepole kabisa, kwamba hataki inyooke.

Bareti ilifika pamoja na mizigo ya mfanyabiashara, ndani ya kifuko cha plastiki cha rangi ya fedha, kipande kisichozidi urefu wa kidole. Mzee Sefu alimpa mkewe mkononi. Alimwambia masini ni ya mwanawe, basi ni yake, na hatamlazimisha. Mama mkubwa aliitia kwenye kopo la biskuti juu ya kabati la vyombo, na huko ikakaa. Nyumba ikageuka kwa sababu ya kopo lile. Wateja walikuja nikawaambia bado. Zubeda alipofagia alilizunguka kwa macho. Usiku na mchana nilikuwa nikipima: ikitiwa, nitapata kazi, nitabaki mjini, isipotiwa, nitarudi Lusangi kulima. Lakini sikuwa na ujasiri wa kusema. Mtu atamwambiaje mama aidhinishe mwanawe aanze kusema maneno yaleyale kila siku kama redio?

Jikoni Zubeda alinifungulia moyo, mara moja tu, tukiwa tunachagua dagaa. Alisema kwao Kabambare wametuma ujumbe, wanataka kujua arudi au abaki. Alisema hajui kama anamlilia Ramazani au anamkasirikia. Akasema, na hili halijanitoka hadi leo, kwamba katika ile sauti humwita mama tu. "Kila siku nangoja anitaje," akasema. "Hata kipande cha jina langu." Kisha akaendelea kutoa vichwa vya dagaa, akivipanga upande mmoja vyote vikitazama kwake.

Ilikuwa mwisho wa mvua, siku yenye mwanga mkali ulioingia hadi ukutani. Grupu liliwashwa. Nikaondoa blanketi. Mama mkubwa alikuwa kwenye kigoda chake, na Zubeda, ambaye kwa kawaida alibaki uani, siku hiyo alikuja akasimama nyuma yangu, sijui kwa nini. Kioo kilikaa cheusi kuliko siku zote. Feni ilizunguka, ikachoka, ikazunguka tena. Kisha sauti ikasema, bila kugugumia hata kidogo, ila na kimya kirefu katikati:

"Mama. Usi… ngoja."

Hakuna kilichofuata. Mwanga ulikuwa mwingi kiasi kwamba niliona vumbi likielea juu ya kibodi, na sikuthubutu kulipuliza. Mama mkubwa alituuliza amesema nini. Ni Zubeda aliyejibu.

"Amesema usingoje."

"Amekuambia wewe ao mimi?"

"Ameita mama," Zubeda akasema.

Mama mkubwa aliinuka akakunja mtandio wake. Siku zilizofuata hakuja tena salo. Grupu lilinguruma, mimi nilibonyeza peke yangu, sauti ikatafuna maneno yake, na kutoka jikoni sikusikia hata kigoda kikisogezwa. Hakula vizuri. Sahani ya ziada aliipakua bado, lakini hakuifunika. Nilidhani ameanza kuugua. Kisha asubuhi moja, akimimina chai, alisema kwa sauti ya kawaida kama anayeagiza chumvi kwamba nimwite Gaspari. Mzee Sefu aliacha mkate mkononi. Mama mkubwa akamwambia, "Mwaka muzima nasikia vipande. Nataka kusikia yote aliyosema. Hata kama ni ya kuniua."

Fundi alikuja alasiri. Alipotoa bareti kifukoni, mama mkubwa aliiomba, akayatazama meno yake yanayong'aa njano, akauliza kama ile ni dhahabu. Gaspari akasema ndiyo, kidogo tu, imepakwa juu. Mama mkubwa aliyapapasa meno yale kwa kidole gumba. Alipoirudisha, fundi aliisukuma kwenye ule ufa hadi ikalia kidogo, kama kiungo cha kidole. Mzee Sefu aliwasha grupu, akaja naye ndani, mara yake ya kwanza kusimama pamoja nasi. Nikabonyeza. Kioo kiliwaka mara moja, hakikuwa na lile giza, na jambo hilo peke yake lilinitisha, kwa sababu hatukupata muda wa kujiandaa. Ramazani alizungumza. Alikuwa na sauti nyepesi, ya kijana, yenye kicheko ndani yake. Mwaka mzima nilikuwa nimeishi na sauti ya mzee.

"Mama, ni mie Ramazani. Nimeweka sauti humu ili ukiwasha masini unisikie. Usiogope, si jini, ni mutoto wako. Ukitaka kuizima, ngoja mbele taa ya kijani ife, usivute waya."

Kisha pakawa na kimya ambacho zamani hatukukisikia, kwa kuwa masini ilikuwa ikikimeza. Ndani ya kimya hicho mlikuwa na nyumba yetu. Kuku. Mchi kwenye kinu, ukipanda na kushuka. Na kutoka mbali, kutoka uani, sauti ya mwanamke ikaita: "Ramazani! Kuja ule, inapoa." Kiti kikakwaruza sakafu, na kijana akajibu, akigeuza uso kutoka kwenye simu: "Naja, mama. Naja." Ikaisha.

Gaspari alikuwa ameshika bisibisi hewani. Mzee Sefu alikaa chini polepole, mgongo ukutani. Mama mkubwa alikuwa akitazama mlango wa uani, kama kwamba yule mwanamke angeingia sasa hivi.

"Ile ni mimi," akasema.

Akaniomba tena. Nikaichezesha tena, ikasema yaleyale. Akaomba tena. Kila mara yule mwanamke aliita, na kila mara kijana aliitika. Mwishowe mama mkubwa alimgeukia Zubeda, akamuuliza siku ile walikula nini. Zubeda alisema ilikuwa wali na samaki, na kwamba mchi unaosikika ni yeye mwenyewe, alikuwa anatwanga kwa ajili ya kesho. Uso wake ulikuwa umelowa. Mama mkubwa akauliza kama Ramazani alikuja.

"Alikuja, mama. Alikaa pale kwenye mkeka. Akala akashiba, akaomba na ukoko."

"Basi alikuja," mama mkubwa akasema. "Alisema naja, na alikuja."

Aliinuka akaenda kuufunga mlango wa mbele. Ulikuwa umevimba kwa mvua za mwaka mzima, ukakataa, ikabidi mumewe amsaidie kuusukuma kwa bega. Hapo ndipo walipolia, wote wawili, mikono yao ikiwa bado kwenye mbao.

Matanga yaliwekwa juma lile. Watu walikuja, wakala, wakalia, wakamaliza, kama Mzee Sefu alivyotaka. Zubeda alikaa eda yake. Mimi nilipata kazi tele. Masini ilikimbia kweli, na direkta alirudi na mitihani yake. Nilikuwa nikiisikia ile faili kila nilipowasha, hadi mama mkubwa mwenyewe aliponiambia sasa inaweza kunyamaza, nikaitoa kwenye ufunguzi nikaihifadhi kando. Lakini kabla ya kuitoa nilifanya jambo ambalo sikumwambia mtu. Niliisikiliza peke yangu, polepole, kipande kwa kipande. Nilipata kila neno tulilowahi kulisikia mwaka ule. "Muzima" nililipata, mwanzo wake katika humu, mwisho wake katika kuizima. "Usingoje" nililipata, limeshonwa kwa maneno mawili. "Baridi" sikulipata. Niliirudia hadi masikio yakauma. Hakuna neno lenye sauti zile tangu mwanzo wa maneno yake hadi mwisho. Wala halimo katika kimya, wala katika kuku, wala katika mchi. Niliizima nikatoka nje kukaa juani.

Juzi, kwenye mkeka wa msiba, nilimuuliza Zubeda kama anakumbuka alasiri ile ya mchele na mvua. Alinitazama kidogo. Akasema anakumbuka, na kwamba yeye pia aliwahi kulitafuta lile neno katika masini, siku moja nilipokuwa sokoni, asilipate.

Alikuwa amefika asubuhi ya mazishi kutoka Kabambare, nyuma ya pikipiki, vumbi hadi kope, na wanawake wa nyumba wakampisha bila kuuliza aingie pamoja na wanaoosha maiti. Siku alipomaliza eda yake, zamani zile, mimi ndiye niliyembebea mzigo hadi barabarani. Mama mkubwa alikuwa amemfungia mchele, mawese kwenye chupa, na vikwembe viwili vipya kutoka kibanda cha mumewe. Alimwambia aolewe, azae, asigeuze kichwa. Zubeda akasema atatuma salamu kwa simu kila juma.

"Simu hapana," mama mkubwa akamwambia, akimrekebishia mtandio. "Sauti nimechoka nazo. Ukinikumbuka, kuja wewe mwenyewe, nikuone unakula."

Akawa anakuja. Kila kiangazi, barabara zikikauka, kwanza peke yake, kisha na mtoto mgongoni, kisha na watatu nyuma yake, na mama mkubwa aliwapakulia wote, akakaa pembeni akiwatazama hadi wanamaliza.